Chini ya Kipimo cha Mashine

Siku ya kwanza walitupa beji na fomu. Beji niliivaa kifuani kama nilivyoambiwa. Fomu niliidanganya.

Sikuandika uongo, niliacha pengo. Karibu na mwisho wa fomu palikuwa na sehemu inayosema kwamba mwanamke mwenye mimba anaombwa aarifu kwa maandishi, kwa hiari yake, ili apangiwe kazi kwa uangalifu zaidi. Niliisoma mara tatu. Kisha nikatia sahihi chini na kumrudishia mwalimu karatasi yake, nami nina mimba ya wiki tisa.

Nieleze kwanza nilifikaje pale, msije mkasema huyu mwanamke hana akili.

Miaka kumi na moja nilifanya kazi ghalani Hayes, hapa London, karibu na uwanja wa ndege, nikipitisha mizigo kwenye mashine ya eksirei. Unakaa kwenye kiti unaangalia skrini: viatu, simu, maua, samaki wa barafu, mara moja moja jeneza. Wenzangu walikuwa wakipiga soga, mimi nauliza: hii mionzi inapenyaje chuma? Msimamizi akaniambia hiyo si kazi yangu kujua. Ebo! Mtu akishaniambia jambo si kazi yangu kujua, basi hapo ndipo linapokuwa kazi yangu. Nikajiandikisha masomo ya jioni, hesabu kwanza, halafu fizikia. Nikatoka shifti na kuingia darasani na harufu ya makaratasi ya maboksi mwilini. Ilichukua miaka, na matusi mengi niliyajibu kimoyomoyo, mengine kwa mdomo. Mwishowe nikapata nafasi kwenye kozi ya mafundi wa vinu vya nyuklia, vile vya kuzalisha umeme. Mwisho wa kozi kulikuwa na wiki moja ya vitendo kwenye kinu kidogo cha mafunzo, pembezoni mwa jiji. Bila wiki hiyo hakuna cheti, na bila cheti ningerudi kwenye kiti changu kutazama viatu vya watu.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye hapo Hayes mimi na mume wangu, nilipomwambia naenda kujifunza kinu alicheka mpaka akashika mbavu. "Umri wote nakuita jikoni uje utwange, hutaki. Leo unakwenda kusomea kinu kwa Waingereza!" Akamwita mume wangu aje asikie. Nikamwambia kinu hiki hakina mchi. Akasema basi hawajui kupika.

Alikuwa na furaha siku zile, na furaha yake ilikuwa na sababu ambayo hatukuitaja.

Kabla ya mimba hii nilikwisha kuharibikiwa na mbili. Ya kwanza tulimwambia kila mtu. Sisi watu wa Unguja na Pemba hapa London si wengi hivyo. Ukimwambia mmoja Hayes, wali haujaiva wameshajua Kilburn. Wanawake walikuja na mifuko ya nguo za watoto wao, mwengine akaleta kitanda cha mbao, ukumbi ukajaa hata pa kupita hapana. Ilipotoka, mifuko ikabaki. Hakuna aliyerudi kuichukua, waliona haya, nasi tuliona haya kuirudisha. Na watu wa mbali ambao habari ya pili haikuwafikia wakawa wananiuliza kwenye maharusi, "Mashaallah, umeshajifungua? Mtoto gani?" Mwaka mzima nilikuwa natengua habari, mtu mmoja mmoja. Ya pili tuliwaambia ndugu tu, na hiyo nayo ikatoka.

Kwa hiyo ya tatu, Mama aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akasema, "Safari hii hata kuta zisijue. Wewe, mumeo na mimi. Basi."

"Mama, mimi siamini mambo ya jicho."

"Jicho halikungoji wewe uliamini. Hasidi hana sababu."

Kweli siamini. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilinyamaza, na nilipoiona ile fomu nikanyamaza kwa maandishi. Niseme na lingine, maana nimeamua kusema yote: niliogopa nikitaja mimba watanirudisha nyumbani. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Vyote viwili, mtoto na cheti, nilivitaka mwaka uleule, na sikuona kwa nini nichague.

Kinu chenyewe kilinishangaza kwa udogo. Nilitegemea kitu cha kutisha. Tuliingia kwenye ukumbi wenye kisima cha maji, kirefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, maji safi mpaka unaona chini. Huko chini pamesimama kitu kiasi cha mashine ya kufulia nguo. Ndani yake mna urani. Mwalimu wetu, mzee wa Kiingereza mrefu, mpole mpaka unaudhika, alisema nguvu yake ni ya kuchemshia birika chache tu za chai, kwa sababu hakikujengwa kutoa umeme, kilijengwa kufundisha watu kama sisi. Maji yale yote ndiyo ngao. "Mionzi ina dawa tatu," alisema. "Kaa mbali, kaa kidogo, weka kitu katikati." Niliandika maneno yale na kuyapigia mstari mara mbili. Hakuna aliyejua kwa nini.

Tulikuwa tukifanya kazi wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Mkongo wa mashariki, mtu mzima, mlezi wa wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Kilburn. Kwao alisomea uhandisi, akaja huku kuomba hifadhi, akasubiri miaka. Tulipogundua sote tunasema Kiswahili tukaanza kutaniana. Mimi namwambia Kiswahili chake kimevunjika mguu, yeye ananiambia changu kinanukia marashi lakini hakifiki haraka. Nilimpenda kwa hilo.

Chumba cha uendeshaji kilikuwa na kanuni moja ambayo mwalimu hakuifanyia mzaha. Hapana kitu kinachofanywa kimya. Kabla hujagusa swichi unasema kwa sauti unachotaka kufanya, na mwenzako anakirudia vilevile neno kwa neno, ndipo mkono uende. "Napandisha fito ya pili, sentimita tano." "Unapandisha fito ya pili, sentimita tano." Ukisahau kusema, mwalimu anasimamisha kila kitu na mnaanza upya. Siku ile ya kwanza alitusimamisha mara nne, tatu kwa ajili yangu.

Jioni nilimhadithia Mama, akapiga makofi. "Watu wazima mnarudishiana maneno kama watoto wa chuo cha Kurani!" Akawa ananicheza shere wiki nzima. Nikimwambia nataka chai, anasema, "Unataka chai," halafu hanyanyuki.

Zile fito, zinazoshuka na kupanda ndani ya kinu, zinameza nyutroni. Hilo ndilo jambo lenyewe, na kulielewa sikuhitaji zaidi ya jioni moja. Nyutroni inaipiga urani, urani inapasuka, zinatoka nyutroni mbili au tatu nyingine, nazo zinakwenda kupasua. Fito zikiwa chini zinazila, na kinu kimelala. Ukizipandisha kidogo kidogo, zinabaki nyutroni za kutosha. Siku ya pili tulifanya hivyo kutwa nzima: pandisha, ngoja, hesabu, andika, chora. Namba inapanda kisha inatulia. Unapandisha tena, na safari hii inachelewa zaidi kutulia. Mimi sina subira, Mama ni shahidi. Nilikuwa nataka kuandika namba kabla haijatua, na mwalimu anasema nyuma yangu, "Bado. Ngoja ikwambie yenyewe." Kwenye karatasi ya miraba tulichora moja gawanya kwa namba ile, kwa hiyo mstari ulikuwa unashuka kuelekea chini, na pale utakapogusa chini ndipo kinu kitakapojiendesha chenyewe, bila kusukumwa.

"Usiniamini mimi," alisema mwalimu. "Mimi nimezeeka, naweza kukosea. Amini mstari."

Siku ya tatu ndiyo siku ninayoirudia kichwani.

Tulishusha kipande chembamba cha madini ndani ya kinu, tukakiacha kipigwe na nyutroni, kisha kikatolewa. Kilipotoka kilikuwa kinatoa mionzi yake chenyewe. Kazi ilikuwa kukibeba kwa koleo ndefu, hatua kama kumi na mbili, hadi kwenye sanduku zito la madini ya risasi lenye mashine ya kuhesabia, halafu kuangalia mionzi inavyopungua: baada ya muda nusu imekwisha, baada ya muda uleule nusu ya iliyobaki. Ilikuwa zamu yangu kubeba.

Mwenzangu akanyoosha mkono. "Dada, lete mi nabebe."

"Kwani mimi sina mikono?"

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Bibi yangu amenizalia watoto wane. Najua vile mwanamke anashikaka tumbo yake. Weye uko na mimba, dada. Ile kitu inafaa kusemwa. Hapa tunasemaka yote."

Moyo ulinipasuka kwa hasira. Watu watatu tu duniani walikuwa na ruhusa ya kujua, na sasa huyu ni wa nne, na Mama alikwisha kusema. "Wewe mwanamume," nikamwambia, "shika kalamu yako uandike." Kisha nikasema kwa sauti ya kanuni, ili mwalimu asikie, "Nabeba kipande, hatua kumi na mbili, mpaka sandukuni."

Alinitazama. Kisha akarudia, taratibu, "Unabeba kipande, hatua kumi na mbili, mpaka sandukuni."

Nikabeba. Koleo zilikuwa ndefu kama mkono na nusu. Mbali na beji, ambayo hunasa mionzi kimya kimya ikaja kusomwa baadaye, tulivaa kipimo kidogo cha betri kinacholia, na nilipofika hatua ya saba au ya nane kikalia, tik, mara moja. Nikatia kipande sandukuni, nikafunga, nikaangalia. Namba ya kipimo, iliyokuwa sifuri, sasa ilikuwa moja. Mwalimu alikwisha kutuambia kwamba moja si kitu, kwamba ukipanda ndege hapo Heathrow kwenda Unguja unapata nyingi kuliko hiyo kabla hujaletewa chakula. Nilijua. Nilijua hesabu yake kwa moyo. Hata hivyo nilikwenda chooni nikasimama nimeweka viganja tumboni, nikamwomba msamaha.

Mwenzangu hakumwambia mtu. Aliandika namba zake wiki nzima na hakunitania tena.

Siku ya mwisho mkono ulikuwa wangu. Nilisema, akarudia, nikapandisha. Nikangoja, na safari hii nilingoja kweli. Mstari wangu ulisema sentimita fulani, na fito ilipofika sentimita ile, namba zikapanda taratibu, zikaendelea kupanda bila mimi kugusa chochote. Nikashusha kidogo, zikatulia. Kinu kilikuwa kinaenda chenyewe, sawasawa, na ni mimi niliyekifikisha pale, mpitisha mizigo wa Hayes. Niliona fahari, sitasema uongo. Kisha mwalimu akaniambia nibonyeze kitufe chekundu, fito zote zikaanguka kwa pamoja, na namba zikaporomoka.

Nyumbani Mama alikuwa mlangoni. "Kilikutii?"

"Kilinitii."

"Alhamdulillahi. Ingia ule, mko wawili." Hilo la wawili alilisema kwa kunong'ona, ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Siku kumi na mbili baadaye, nikiwa kwenye kiti changu ghalani nikingojea cheti, nilihisi. Mwanamke aliyekwisha kupita njia ile hahitaji kuambiwa. Mume wangu alikuja kunichukua na tukaenda hospitali, na daktari, msichana mdogo aliyekuwa akinitazama machoni, akasema imetoka. Nikamuuliza sababu. Akasema mara nyingi sababu haijulikani. Nikamwambia mimi nataka kujua, nikapaza sauti, mume wangu akanishika bega. Alilia yeye kabla yangu.

Tukarudi nyumbani na hakuna aliyekuja. Nani aje? Hakuna aliyejua. Ile ya kwanza, pamoja na mifuko na maudhi yake, wanawake walikuja wakakaa sakafuni na mimi, wakaleta uji wa pilipili manga, wakasema pole mpaka nikachoka na pole. Safari hii simu haikulia. Watu walikuwa wakiniona dukani wananiuliza habari za kazi, nami nasema nzuri. Nimewahi kuwa na huzuni, lakini huzuni isiyokuwa na mtu wa kuipokea, ile ni nyingine. Mficha uchi hazai, wanasema wazee. Nilikuwa nakaa chumbani nayasema maneno yale kwa uchungu, najisema mwenyewe.

Na Mama akanyamaza. Mama yangu, asiyeweza kupita jikoni bila kunena na sufuria! Alikuwa anatia chakula mezani, anatazama ukuta, anaondoka. Wiki nzima hakuniangalia usoni. Nikajua moyoni: ananilaumu kwa kinu. Hajasoma fizikia, lakini anajua kwamba mwanawe alikwenda na mimba mahali wanapovaa beji. Nami nikikaa peke yangu nasikia ile tik.

Beji zetu zilikuwa zimepelekwa kusomwa, na majibu huchukua wiki kadhaa. Sikuweza kungoja. Nikampigia mwalimu simu, nikamweleza yote: fomu, mimba, hospitali. Akasema, "Nitawaomba waharakishe. Njoo Alhamisi."

Alhamisi alikuwa na karatasi mkononi. Alinivutia kiti, akakaa upande wangu wa meza. Mbele ya namba yangu hapakuwa na kiasi, palikuwa na maneno: chini ya kipimo cha mashine. Akanieleza tena yale ninayoyajua, polepole, kama mtu asiyejua kwamba nayajua, na mara ile nilishukuru. Mionzi niliyopata haikutofautiana na ya mtu aliyekaa nyumbani kwake. Haiwezi kuwa sababu.

"Ningesema," nikamuuliza, "ungenirudisha nyumbani?"

"La. Ungekaa chumba cha uendeshaji, mwenzako angebeba kile kipande. Na cheti ungepata vilevile."

Nilitaka kumpiga kwa upole wake. Hatua kumi na mbili tu! Kwa hatua kumi na mbili nilijinyima usingizi wa wiki nne, na nilikuwa na kinywa.

Nilirudi na karatasi ndani ya mkoba nimeikumbatia. Nilijiona nimepata hukumu ya haki. Nikamkuta Mama kitandani mwake, ameweka tasbihi mapajani. Nikakaa chini, nikamsomea kwa Kiswahili kila mstari. Nikamwambia, "Mama, unaona? Si kinu. Wamepima. Hakuna kitu. Si mimi, Mama."

Nilitegemea anikumbatie. Alitazama karatasi muda mrefu, ingawa hasomi Kiingereza. Uso wake ukabadilika rangi.

"Basi ni mimi," akasema.

Sikumfahamu. Akainama, akavuta kitu chini ya godoro. Kilikuwa kitambaa cha flana, rangi ya njano, kimekunjwa vizuri, bado kina alama ya chaki ya muuzaji.

Akanieleza bila kuinua macho. Wiki ile niliyokuwa kinuni alipanda basi kwenda Rayners Lane, kwenye duka la vitambaa la mama wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, anayesema Kiswahili kizuri. Hakwenda kununua chochote, alikwenda kutazama tu, kwa furaha. Akaiona flana ile. Yule mama akamuuliza, ya nani? Na yeye, aliyetukataza sisi hata kuta, akasema: ya mjukuu wangu.

"Neno moja," akasema Mama. "Lilinitoka. Nilikuwa nimelibana wiki nzima. Nilipotoka dukani nikajua nimekosa, nikasoma dua njia nzima, nikampulizia mtoto kwa mbali. Mimba ilipotoka nikawa nasema, labda itakuwa kinu. Astaghfirullah, mwanangu, nilikuwa naomba iwe kinu. Iwe wewe, isiwe mimi."

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa hawezi kunitazama.

Nikamwambia yote niliyoweza kumwambia. Kwamba hakuna jicho, kwamba daktari kasema, kwamba wanawake wengi. Akatikisa kichwa. Akashika ile karatasi yangu kwa ncha za vidole.

"Wewe wamekupima," akasema. "Mimi nani atanipima?"

Nilikaa pale mpaka adhana ya Magharibi ikalia kwenye simu yake. Nilikuwa nimekwenda kujisafisha, na maji machafu nimemmwagia Mama.

Jumamosi nikamwambia, twende Rayners Lane. Akakataa. Nikamwambia mimi nitakwenda nimuulize yule mwanamke alimwambia nani. Akasema sina adabu. Nikasema adabu ninayo, lakini mstari siuamini kabla sijaona namba. Hakufahamu nilichosema, ila alifahamu nimekaza shingo, na alijua shingo ile ilitoka kwake. Akavaa buibui, akaitia flana mkobani.

Dukani mlikuwa na watu wawili. Mama akangoja mpaka wakatoka, akaiweka flana juu ya meza. Yule mama wa Kihindi akavaa miwani yake.

"Warudisha, mama? Risiti unayo?"

"Sirudishi. Nimekuja kukuuliza. Siku ile niliyonunua, nilikwambia ni ya mjukuu wangu. Ulimwambia mtu?"

Yule mama akaitazama flana, akamtazama Mama, akanitazama mimi. Alikuwa anajitahidi, nilimwona. Akaigeuza ncha ya kitambaa kama kwamba jibu limeandikwa nyuma.

"Nisamehe mama yangu," akasema. "Wengi waingia hapa. Sikumbuki."

"Nilisimama hapa hapa. Ulinipimia yadi mbili, ukaniongezea robo. Ukasema hongera."

"Nawaambia wote hongera. Kweli tena, sikumbuki. Hata sura yako, usinione vibaya, naiona leo." Akaikunja ncha ya flana. "Mtoto hajambo?"

Nilifungua mdomo, Mama akanizuia kwa mkono. "Hakuja," akasema. Yule mama akatoka nyuma ya meza, akamshika mikono yote miwili, akasema pole, akasema tena. Ndiyo ilikuwa pole ya kwanza tuliyopewa.

Kituoni Mama alisimama akishusha pumzi, mabega yake yakashuka. "Hakumbuki," akasema. "Umesikia? Hata kidogo. Hakumwambia mtu, hakuliweka moyoni, hata sura yangu hakuishika." Alikuwa karibu kucheka. Nikasema ndiyo, nimesikia. Basi likaja, tukakaa viti vya mbele, akaitoa flana akaiweka mapajani akawa anainyoosha.

Tulikuwa tumepita vituo vitatu au vinne mkono wake uliposimama.

"Hakumbuki," akasema tena, na sauti ilikuwa nyingine. "Mtu mmoja tu duniani nilimtajia mjukuu wangu. Na huyo hakumbuki."

Akalia kwa sauti, ndani ya basi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akilia mbele za watu. Abiria wakatazama madirishani. Nikamshika. Nilitafuta la kumwambia kwenye yote niliyosomeshwa, na nikaona nina kitu kimoja tu. Nikasema kwa sauti, wazi, asikie kila aliyetaka kusikia:

"Nilikuwa na mtoto."

Mama akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu hospitali.

"Ulikuwa na mtoto," akarudia.